Mtoto Ameruhusiwa, Bado Hajapona: Kwa Nini Hospitali Inakufuata Hadi Nyumbani

Asubuhi moja ya Jumamosi, dada mmoja mwenye begi mgongoni alisimama uani kwa jirani yangu. Alimwamkia bibi kwanza, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba, ndipo akauliza kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano. Mjukuu akaletwa. Dada akatoa utepe wa plastiki wenye rangi tatu, akauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, akasoma, akaandika daftarini. Akaomba kadi ya kliniki. Akauliza maji ya kunywa yanahifadhiwa wapi na choo kiko upande gani. Hakuchoma sindano wala hakuacha dawa yoyote.

Alipoondoka, jirani akanigeukia. "Wiki iliyopita nimekwenda hospitali nikaandikiwa dawa, nikaambiwa nikanunue nje. Leo wananiletea mtu wa kuulizia choo changu. Hiyo ni afya gani?"

Ni swali la haki kabisa. Nimelisikia kwenye daladala na kwenye vikao vya wazazi, na limeongezeka tangu Januari 2024, Tanzania ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikisha wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5. Kenya nayo ilizindua wahudumu wake wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mnamo Septemba 2023, kila mmoja na begi lake la vifaa. Watu wanaona mabegi, hawaoni sababu. Wengine wanadhani ni madaktari wa bei nafuu, wengine wanadhani ni sensa. Wapo pia wanaoamini kwamba hospitali imeshindwa kazi yake ya ndani ndiyo maana imehamia uani kwa watu.

Tuanze na majina, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Mpango wa jamii wa hospitali ni kazi ambayo hospitali au kituo cha afya kinaifanya nje ya kuta zake, kwa kurudia, kikimfuatilia mtoto yule yule, ili ugonjwa usianze, au ukianza ugundulike mapema, au ukiisha usirudi. Maneno ya kushika hapo ni "kwa kurudia". Kambi ya madaktari bingwa inayokuja siku tano na kuondoka ni jambo jema, inaokoa watu, lakini siyo hiki tunachokizungumzia. Huduma ya mkoba ni sehemu ya mpango wa jamii: wauguzi wanatoka na visanduku vya chanjo vyenye barafu na mizani, wanakwenda kijiji cha mbali kwa tarehe inayojulikana, mwezi baada ya mwezi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, imekuwa ikifanya hivyo kwa miongo mingi, na kuna maeneo ilikofika kwa ndege ndogo. Naye mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni mkazi wa kitongoji au mtaa ule ule, aliyefundishwa kutambua dalili za hatari, kuelimisha, kupima vitu vichache na kuandika rufaa. Si daktari na si muuguzi. Kazi yake ni kumjua mtoto kwa jina kabla hajaugua.

Sasa kwa nini hospitali ijisumbue?

Mfikirie fundi wa pancha aliyekaa njia panda. Baiskeli ile ile inaletwa kwake Jumatatu, Alhamisi, na Jumatatu nyingine. Gundi yake ni nzuri, anaziba vizuri, hana lawama. Lakini mita mia mbili kutoka hapo kuna karakana ya kuchomelea vyuma, na misumari inamwagika barabarani kila siku. Fundi akibaki kwenye benchi lake ataziba hadi tyubu iwe viraka vitupu. Siku atakayofunga kazi kwa nusu saa, akachukua ufagio na kwenda kuzungumza na mwenye karakana, ndipo atakuwa ameanza mpango wa jamii.

Wodi ya watoto ina baiskeli zake. Mtoto wa mwaka na nusu analazwa kwa kuhara mwezi Machi, kwa nimonia mwezi Mei, kwa malaria na upungufu wa damu mwezi Julai. Kila mara anafunguliwa faili jipya, anatibiwa, anaruhusiwa. Daktari wa Julai huenda hamjui daktari wa Machi. Ukitazama faili moja moja, kila matibabu yalifaulu. Ukiyaweka mafaili matatu mezani pamoja, unaona mtoto anayeishiwa nguvu huku kila mtu akiwa ametimiza wajibu wake.

Kuna kitabu kimoja ambacho hospitali nyingi zinacho na hazikitumii ipasavyo: rejesta ya wodi. Ndani yake kuna safu ya makazi, yaani kijiji, kitongoji au mtaa. Mara nyingi safu hiyo hujazwa kutimiza utaratibu tu. Lakini muuguzi akikaa nayo jioni moja na kalamu nyekundu, akazungushia kila mtoto aliyelazwa kwa kuhara kwa miezi sita, anaweza kukuta kitongoji kimoja kinajirudia kupita vingine. Kumbe huko kisima kiko chini ya mteremko wenye vyoo, au bomba limekatwa tangu mvua za mwaka jana na watu wanachota mtoni. Hapo hospitali imepata mahali pa kupeleka ufagio. Haiendi kila mahali kugawa vipeperushi. Inakwenda pale ambapo rejesta yake yenyewe imeonyesha.

Lakini sababu kubwa zaidi ni ile ambayo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa, na mimi mwenyewe nilipoifahamu ilinikosesha amani. Inahusu siku ya kuruhusiwa.

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia watoto 3,101 wenye umri wa miezi 2 hadi 23 waliolazwa kwa magonjwa ya ghafla katika hospitali tisa za Afrika na Asia Kusini. Miongoni mwake zilikuwamo za Kilifi, Nairobi na Migori nchini Kenya, ya Kampala nchini Uganda na ya Blantyre nchini Malawi. Karibu nusu ya vifo vyote vilivyorekodiwa vilitokea baada ya mtoto kuruhusiwa, katika miezi sita iliyofuata. Watoto hawa walikwisha kupata nafuu. Mama alikwisha kufunga mzigo wake, ndugu wakapigiwa simu, pengine na kuku akachinjwa.

Inakuwaje? Kuruhusiwa maana yake hatari ya papo hapo imepita. Homa imeshuka, mtoto anakunywa, anapumua bila kuvuta mbavu. Nyumba iliyozimwa moto haiungui tena, lakini kama paa halipo na masika yako njiani, huwezi kusema imepona. Malaria kali huharibu chembe nyekundu za damu, na mwili unahitaji wiki kadhaa kuzirudisha. Katika wiki hizo mbu mwingine akimuuma mtoto yule, anaanguka kutoka mahali pa chini zaidi kuliko mara ya kwanza. Utumbo uliojeruhiwa na kuhara haufyonzi chakula vizuri hata kama sahani imejaa. Mtoto aliyepoteza kilo moja wodini anarudi kwenye nyumba ile ile, maji yale yale, na mama ambaye amekuwa mbali na biashara yake siku kumi na sasa hana hata mtaji wa maandazi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba, katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu apewe dawa ya kuzuia malaria kwa miezi kadhaa baada ya kuruhusiwa. Jaribio lililofanyika Kenya na Uganda lilikuwa limeonyesha kwamba dawa hiyo inapunguza sana vifo na kulazwa upya katika muda ule wa hatari. Na huko Malawi walijaribu njia mbili za kuifikisha: mzazi apewe dozi zote siku anapotoka wodini, au awe anazifuata hospitali kila mwezi. Waliopewa zote mkononi walizimaliza vizuri zaidi. Mzazi yeyote anayeijua nauli ya bodaboda angeweza kulitabiri hilo.

Mpango wa jamii, kwa maana hiyo, ni nusu ya pili ya matibabu.

Kifaa cha kwanza cha nusu hiyo ya pili unacho nyumbani tayari, pengine kiko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati: kadi ya kliniki. Chimbuko lake mojawapo ni kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Mwingereza David Morley alianzisha kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano. Alikuwa na chati ya uzito, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa chati ile akae nayo mama nyumbani badala ya kufungiwa kabatini hospitali. Ukilifikiria, ni jambo la heshima. Rekodi ya mtoto ni mali ya anayemlea, na yeyote atakayemtibu mtoto huyo, popote, ataikuta.

Na kuna kosa ambalo wazazi wengi hulifanya na kadi hiyo. Siku ya kliniki, mizani imening'inizwa kwenye tawi la mwembe, mtoto amevishwa kile kisuruali cha kupimia, analia miguu ikiwa hewani, muuguzi anasema "kilo nane." Mama anamgeukia mwenzake: "Wako?" "Tisa na nusu." Basi mmoja anaondoka na furaha, mwingine na aibu. Lakini nukta moja haisemi mengi. Kinachosema ni mstari unaounganisha nukta. Mtoto wa kilo nane aliyekuwa na saba na nusu mwezi uliopita anapanda. Mtoto wa kilo tisa na nusu aliyekuwa na tisa na nusu miezi mitatu iliyopita uzito wake umesimama, na uzito wa mtoto mdogo kusimama ni king'ora. Ukikosa kliniki miezi mitatu kwa sababu tu "chanjo zimeisha", mstari unakatika hapo hapo ulipokuwa unahitajika.

Utepe wa rangi tatu ni ndugu wa kadi. Hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mzunguko wa mkono ukizidi sentimita 12.5, kijani. Kati ya 11.5 na 12.5, njano: utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5, nyekundu: utapiamlo mkali, na mtoto yuko hatarini hata kama anacheka. Ukitaka kujua 11.5 ni unene gani, shika mpini wa jembe. Uzuri wa utepe ni kwamba hauhitaji hesabu wala umeme, na mama yeyote anaweza kufundishwa kuutumia kwa dakika kumi.

Nikae kidogo kwenye utapiamlo, kwa sababu hakuna mahali ambapo hospitali imejifunza kutoka nje ya kuta zake kama hapa.

Kwa miaka mingi mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa kwa wiki kadhaa akinyweshwa maziwa maalumu. Maziwa yenyewe yalikuwa mazuri. Shida ni kwamba unga wake unachanganywa na maji, maji lazima yawe safi, na yakishachanganywa yanaharibika upesi, kwa hiyo huwezi kumpa mama aende nayo kijijini. Basi mama anakaa wodini mwezi mzima. Nyumbani kuna watoto wengine watatu, mahindi yanahitaji palizi, mume anapiga simu. Siku ya kumi na mbili anatoroka na mtoto wake. Muuguzi anaandika kwenye faili: "ametoroka". Na yule aliyevumilia kukaa, mtoto wake asiye na kinga amelala kitanda cha jirani na mwenye nimonia.

Mwaka 2001, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, daktari wa watoto Mark Manary aliamua kuwapeleka watoto hao nyumbani na chakula cha aina nyingine: siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini, iliyobuniwa na mtafiti Mfaransa André Briend. Siri yake ni kwamba haina maji. Vijidudu vinahitaji maji ili vizaliane, na kwenye siagi ile hawayapati. Hauhitaji kuipika wala kuichanganya, mtoto anaramba kwenye pakiti. Watoto walipona, na walipona vizuri kuliko ilivyozoeleka wodini. Kufikia 2007, mashirika ya Umoja wa Mataifa yakiwemo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitoa tamko la pamoja la kuunga mkono matibabu ya utapiamlo mkali ngazi ya jamii. Kwetu tunakiita chakula dawa.

Wodi haikufungwa. Mtoto aliyevimba sana, mwenye homa kali, au anayekataa kula kabisa bado analazwa. Muuguzi humpa kijiko kwanza aone kama ana hamu ya kula, maana hamu hiyo ndiyo inayoamua kama atatibiwa nyumbani au kitandani. Walio wengi hawana matatizo hayo, na ni hao wanaoweza kupona wakiwa mgongoni kwa mama zao, mradi kuna mtu wa kuwatembelea kila wiki na kuona pakiti haziliwi na kaka wakubwa.

Hapa niingize dhana moja inayonisumbua: kwamba utapiamlo ni njaa, kwa hiyo ni tatizo la mikoa yenye ukame. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani kimo kifupi kuliko umri, kwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano. Mikoa iliyoongoza? Iringa, karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto wote. Hiyo ndiyo ghala la chakula la taifa! Mahindi yapo, viazi vipo. Lakini mtoto wa miezi minane mwenye tumbo dogo kama ngumi hawezi kujengwa na uji mtupu wa mahindi mara mbili kwa siku wakati mama yuko shambani tangu alfajiri. Anahitaji yai, dagaa, maharage, mafuta, mboga, na mtu wa kumlisha taratibu mara kadhaa kwa siku. Tena akiharisha kila wiki ya pili, hata hicho kidogo hakikai. Hospitali haiwezi kurekebisha hilo kwa dripu. Inaweza kulirekebisha kwa kukaa na akina mama na mabibi jikoni, na pia na akina baba, kwa sababu mayai ya kuku wa nyumbani anayeamua yauzwe ama yaliwe mara nyingi si mama.

Kuna dhana nyingine ngumu zaidi, na hospitali zikiidharau zinapoteza watoto. Degedege.

Wengi wetu tumekulia tukisikia kwamba mtoto akishikwa na degedege asipelekwe hospitali, kwa sababu akichomwa sindano atakufa. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, povu linatoka. Wengine husema amepitiwa na ndege, ndiyo maana ya jina. Kwa hiyo anakimbizwa kwa mtaalamu wa kienyeji, anamwagiwa maji, anafukizwa, wengine kwa kinyesi cha tembo. Kitabibu, mara nyingi huyo ni mtoto mwenye homa kali, na katika maeneo yetu malaria ni mshukiwa wa kwanza. Mtoto wa malaria kali anahitaji dawa ya sindano haraka.

Tusiwacheke wazee wetu. Dhana hii ilijengwa kwa macho. Mtoto alikaa kwa mganga siku mbili, akazidiwa, ndipo akakimbizwa hospitali usiku, akachomwa sindano, akafa. Kijiji kizima kikaona mfuatano: sindano, kisha kifo. Hakuna aliyezihesabu siku mbili za mwanzo. Kila mtoto aliyecheleweshwa na kufa aliithibitisha dhana, na kila uthibitisho ukamchelewesha mtoto mwingine. Bango ukutani haliwezi kukata mduara huo. Anayeweza kuukata ni mhudumu anayeishi pale pale, mwenye kipimo cha haraka cha malaria, anayempima mtoto homa ikiwa ya siku moja. Anaukata pia mganga mwenyewe akiheshimiwa na kushirikishwa. Mganga ndiye anayemwona mtoto kwanza, na akikubali kusema "mpelekeni hospitali kwanza, mimi mtanikuta," hakuna daktari mwenye nguvu kama hiyo kijijini. Mimi naamini hospitali ambayo haiwajui waganga wa eneo lake kwa majina haijaanza mpango wa jamii, hata kama imenunua pikipiki kumi.

Nimesifu sana, sasa niseme upande wa pili, maana jirani yangu anastahili jibu kamili.

Kusini mwa Tanzania, katika wilaya sita za Mtwara na Lindi, Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake waliendesha mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Wanawake wa vijijini walifundishwa kuwatembelea wajawazito mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili baada ya hapo, wakieleza usafi, kumpa mtoto joto, kunyonyesha mapema. Ulikuwa utafiti makini, vijiji vilivyotembelewa vikilinganishwa na ambavyo havikutembelewa. Baadhi ya tabia zilibadilika kweli. Lakini matokeo yalipochapishwa mwaka 2015, vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua.

Wengine walisoma hapo kwamba kutembelea nyumba ni kazi bure. Mimi nasoma tofauti. Mtoto mchanga hufa zaidi kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa njiti, na kwa maambukizi ya siku za mwanzo. Mama akishauriwa vizuri, akaenda kujifungulia kwenye kituo, kisha akakuta hakuna aliyezoea kumsaidia mtoto asiyelia, ushauri wa nyumbani umeishia mlangoni. Takwimu za taifa zinasema hivyo hivyo: kati ya utafiti wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vya watoto wa chini ya mwezi mmoja vilikuwa 25, vikawa 24. Karibu havikusogea. Vyandarua, chanjo na maji ya chumvichumvi ya kumpa mtoto anayeharisha vinafika nyumbani na vinawaokoa wakubwa kidogo. Mchanga anahitaji mikono yenye ujuzi ndani ya chumba cha kujifungulia. Na pale ambapo mikono hiyo ilifanyishwa mazoezi ya mara kwa mara, katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza kupungua kwa karibu asilimia 40.

Kwa hiyo jirani yangu yuko sahihi kulalamikia dawa. Mhudumu akiandika rufaa, mama akatumia elfu nne ya nauli, akafika na kukuta rafu tupu, hatarudi tena, na majirani zake watano hawatakwenda. Mpango wa jamii haufuti deni la hospitali kuwa na dawa. Unaliongeza, kwa sababu sasa wanakuja watu walioitwa. Na dada mwenye begi naye ale: asiyelipwa posho kwa miezi mitatu ataacha kutembea, na akiacha, kila mstari kwenye kila kadi unakatika.

Nani alipe, ni mjadala mrefu. Niseme tu kwamba hata nchi tajiri zinahangaika nao. Hospitali ya watoto ya Boston nchini Marekani ilianza mwaka 2005 kuwatuma wauguzi na wahudumu wa jamii kwenye nyumba za watoto waliokuwa wakirudi kila mara kwa pumu. Walipeleka vifuniko vya magodoro vya kuzuia vumbi, mashine za kusafishia, na wakasaidia kuondoa mende na panya, kwa sababu uchafu wao huchokoza pumu. Kulazwa kulipungua sana na pesa iliyookolewa ilizidi iliyotumika. Lakini hospitali inayolipwa kwa kila mgonjwa hupoteza mapato pale mgonjwa asipokuja, kwa hiyo mashirika ya bima yalilazimika kushawishiwa yagharamie kazi ya kuzuia. Kwetu, ambako matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali yamesamehewa ada, kila mtoto asiyelazwa ni akiba ya moja kwa moja ya halmashauri. Hoja hiyo ingepaswa kusikika zaidi kwenye vikao vya bajeti.

Wewe mzazi, mtoto wako akiruhusiwa kesho, usitoke wodini kabla ya kuuliza mambo haya. Kwanza, arudi lini kuangaliwa, tarehe kamili, si "baada ya wiki mbili hivi". Pili, dalili zipi zikitokea nimrudishe usiku huo huo; waombe wakutajie moja moja kwa Kiswahili cha nyumbani. Tatu, mhudumu wa mtaa wetu ataambiwa kwamba mtoto huyu ametoka? Kama muuguzi hana namba yake, mpe wewe, au chukua ya mwenyekiti wa mtaa. Hatua hiyo ya tatu haiandikwi kwenye karatasi nyingi za kuruhusiwa, na ndiyo inayounganisha wodi na uani.

Mjukuu wa jirani, siku ile ya Jumamosi, utepe ulisoma 12.1. Njano. Dada alieleza kuhusu karanga za kusaga kwenye uji, dagaa waliotwangwa, na mlo mmoja wa ziada mchana, akaandika rufaa ya kituo cha afya ambako mtoto alipewa dawa ya minyoo na matone ya vitamini A aliyokuwa amekosa. Wiki mbili baadaye alirudi. Safari hii bibi alikuwa ameshaitoa kadi kwenye mfuko wa nailoni kabla hata ya salamu, na jirani yangu akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akachuchumaa aone mwenyewe namba ikisomwa. 12.4. Bado njano. Dada akaandika, akafungua ukurasa wa mwezi unaofuata, akamuuliza bibi siku ipi hatakuwa shambani.